Zoom, na Mapengo ya Mukaka Vagheni

Butembo, 3 septembre 2001

Imefika! Imefika, jamani! Kamate, ndugu yangu mukubwa, ameshusha kamyo yake asubuhi hii toka Kampala. Katikati ya marobota ya vikwembe kulikuwa soksi, na ndani ya soksi objectif yangu, jicho mupya la kamera. Zoom ya 28 mpaka 200. Nairudilia kuiandika: ishirini na nane mpaka mia mbili, ndani ya kabomba kamoja ka urefu wa kopo ya maziwa! Nilisimama mbele ya studio, nikazungusha ku 28, kilima chote cha ngambo kikaingia. Nikazungusha mpaka 200, nikaona mama mumoja kule juu anapepeta maharagi. Nikaona mpaka maua ya kikwembe chake. Nilipiga kelele, batu ba njiani bakafikiri kuna mutu amekufa.

Ili nipate hii zoom niliuzisha objectif zangu mbili za zamani kwa Abdias, ule mwenye studio kule chini ya soko: ile fupi ya 50 yenye kuona hata mu giza, na ile ndefu ya 135. Leo alikuya kuangalia. Akaigeuza zoom, akapuliza kioo, akatingisha kichwa.

« Mariette, objectif moja kwa kazi yote ni kama mupishi mwenye anashona na kujenga pia. Ataweza yote, mais hautapenda yote. »

« Abdias, sema tu uko na wivu. »

« Wivu niko nayo. Mais na 50 yako pia niko nayo. »

Mutu wa kuchokoza, huyo! Akaenda anapiga miluzi.

4 septembre

Mvua. Nimepiga foto ya mbuzi, ya mbwa, ya mvua yenyewe.

8 septembre

Niandike hapa sababu ya kweli ya hii zoom, maana Kamate anafikiri ni ya ndoa tu.

Mwezi uliopita tulizika kule Oicha mudogo wa Mukaka Vagheni. Mukaka ni mama ya baba yetu, anakaa Beni, ku Bungulu. Kwetu, mutu akienda kuzikwa, mujukuu mumoja anatangulia mbele ya sanduku na foto yake, ameishika kifuani, batu bote bajue banasindikiza nani. Ule mama hakuwa na foto. Balichukua ile ya carte d'identité, bakaikuza, na cachet ya bureau ikakuzwa pamoja nayo: duara la wino la muhuri toka kwenye paji la uso mpaka ku jicho. Njia yote ya makaburi tulitembea nyuma ya cachet.

Mukaka aliangalia vile. Kisha akanivuta mukono mbele ya batu bote.

« Mariette, weye njo unapigaka foto. Mimi mukinibebea kitu sawa hii, nitafungula sanduku, nishuke, nirudi ku nyumba na miguu. »

Batu balicheka. Yeye hakucheka.

Shida ni kwamba Mukaka akiona kamera anakauka. Mikono chini, mudomo umefungwa, macho ya soda mwenye bunduki ku bariere ya njia. Na akicheka, mukono unaruka haraka kufunika mudomo, sababu meno ya mbele hayako tangu zamani. Niko na foto zake mingi na hakuna moja yenye ni yeye, sababu Mukaka ni kicheko. Anachekaka na mabega, na tumbo, mpaka kuku zinakimbia. Nikajisemea: nipate objectif ya kuona mbali, nijifiche, nimukamate anacheka bila kujua. Mwaka huu amekohoa sana. Mimi siko tayari kutembea nyuma ya cachet mara ya pili.

15 septembre

Ndoa ku parokia. Ee, vile nilitamba leo! Zamani ningebadilisha objectif mara ngapi, kifuniko kwenye meno, vumbi inaingia, bwana arusi anangoya. Leo nilisimama pa mulango tu. Familia yote, tchak. Nikazungusha: pete ku kidole, tchak. Nikazungusha tena: mama ya bibi arusi anapangusa macho, tchak. Padri, mwenye hachekeake mutu wa kamera, alinisalimia ku mwisho: « Aksanti, mama. Leo haukukanyaga altare yangu. » Nitalala na hii zoom pembeni ya kichwa.

16 septembre

Nimelala nayo kweli.

22 septembre, Beni

Nimefika. Kamyo ya Kamate ilipita mu njia bila kusimama mahali pa vilima vile vyenye hakuna mutu anapenda kuviangalia, sababu ya batu ba bunduki benye banajificha mule. Ku bariere bakatushusha bote.

Zamani ilikuwa mateso: sakoshi yangu yote mu vumbi, kila objectif inafungulwa, « hii ni nini, na hii, na hii? » Leo, kamera moja ku shingo, basi. Mais hii zoom iko na tabia moja: ukiiacha inaning'inia, inateremuka yenyewe, polepole, inajinyoosha. Soda mumoja kijana, jina Léon, mutoto wa Kinshasa, alikuwa ananiuliza karatasi, na kabomba kakaanza kumufata tumboni. Aliruka nyuma, bunduki mukononi.

« Yaya, oyo nini? »

« Foto! Ni foto tu, muume wangu! » Sijui kwa nini nilimwita muume wangu. Kamate alifunga macho.

Nikamufundisha kuangalia. Aliweka jicho, akazungusha mpaka mwisho, akaangalia poste ya pili kule juu ya kilima. Kisha akaanza kucheka, anajipiga ku paja.

« Chef azolala! Chef analala, na mudomo wazi! »

Basoda bote bakapanga mustari kuangalia chef. Tulipita bila kutoa hata ndizi moja. Léon alisema nikirudi nimupige foto yenye itamuonyesha yeye na milima yote, aitume kwa mama yake. Nikamwambia milima yote ni 28, iko ndani humu humu.

23 septembre, Beni

Siku kubwa! Mukaka alikuwa mu jikoni na Mama Florentine, jirani yake, mwenye mudomo wake ungefanya hata jiwe licheke. Niliingia na kamera, nikijifanya napangusa kioo. Nikaweka jicho: ukungu mutupu. Hii zoom inakatala kusoma karibu, inataka metre mbili na zaidi. Nikarudi nyuma. Bado. Nikarudi tena, nikaikala ndani ya beseni ya maji ya kuosha majani ya sombe.

Florentine alianguka ku ukuta kwa kucheka. Mukaka naye, mais mukono ulikuwa umeshafika ku mudomo.

Mangaribi nikajificha mu migomba nyuma ya kiwanja, nikavuta mpaka 200. Ee Mungu wangu! Uso wake ulijaa, nikahesabu makunyanzi. Nilimaliza pellicule yote, mukanda muzima wa foto. Mara moja, nina hakika, mukono ulikuwa chini. Nimeipata! Narudi Butembo kesho naimba.

10 octobre, Butembo

Labo ya kusafisha foto imepata mafuta ya groupe, ile mashini ya umeme, bametoa foto zote za septembre. Sitaki kuandika.

Ndiyo, niandike. Jikoni: giza, na ndani ya giza doa moja jekundu, ni moto. Ndoa: familia nzima ni safi, kila mutu na viatu vyake. Mais pete! Pete iko kama mbili, tatu, inatikisika. Na mama ya bibi arusi anaonekana kama ameanguka ndani ya supu. Na Mukaka, kule migombani: mukono ku mudomo, mukono ku mudomo, mukono ku mudomo. Na ile moja yenye mukono uko chini, ile yangu, ile niliimba njia yote juu yake… supu. Anacheka, ninajua anacheka, mais huwezi kusema ni Mukaka ao ni mukaka wa mutu mwingine.

Bibi arusi alikuya kuchukua zake. Aliangalia ile ya pete kwa muda murefu. Akauliza: « Mariette, niliolewa na bangapi? »

11 octobre

Nimeifunga zoom mu soksi yake. Ikae humo.

12 octobre

Nilienda kwa Abdias kumutukana, sababu yeye ndiye aliniletea mukosi na ule mufano wake wa mupishi. Hakucheka. Alipanga foto zangu juu ya meza karibu na dirisha, moja moja, kama mutu anayepanga mitumba ya kuuzisha.

« Angalia vizuri. Hii zoom si mubaya. Weye njo unaisukuma mpaka mwisho kila mara. Ku 200 inakunywa mwangaza yote, na inalegea. Ku 28 pembe zake zinakuwa nyeusi, angalia hapa. Mais katikati, Mariette! Hii ya mutoto na maua, uliipiga ku ngapi? »

« Labda 135. »

« Inje, ku jua. Unaona kope zake? Basi. Usifike mwisho. Simama ku 135, ufunge tundu la mwangaza ku 8, ungoye jua. Na usogee. »

« Nikisogea ataniona. »

« Basi atakuona. »

Nilimwambia hajui kitu juu ya Mukaka. Akasema ni kweli, hajui, akanipa chai. Sukari aliweka mingi sana, kama mutu mwenye anaomba musamaha kwa kitu hakufanya.

20 octobre

Ndoa nyingine, mu ile kanisa yenye madirisha madogo. Niliomba Abdias tufanye pamoja. Yeye na 50 yangu, pardon, 50 yake, karibu na altare mu giza. Mimi na zoom pa mulango, na inje ku kiwanja, na barabarani, na juu ya ukuta. Padri alimufokea Abdias tu. Nilifurahi kupita siku ya kwanza.

Nilitaka kumwambia aksanti. Nitamwambia kesho.

21 octobre

Sikumwambia.

27 octobre

Kwa phonie, redio ya parokia, habari imefika: Mukaka amelala, kifua kimeziba. Nilienda parking mara moja. Njia ya Beni imefungwa, kuna masasi ya bunduki tangu asubuhi.

28 octobre

Mvua. Njia imefungwa.

30 octobre

Mvua. Kamate alijaribu na kamyo, bakamurudisha.

2 novembre

Siku ya marehemu bote. Ku makaburi niliona foto zingine mbili zenye cachet. Sikujua ni mingi hivi. Nilirudi ku nyumba nikatoa ile foto ya supu, nikaiweka ukutani, nikaisogelea, nikarudi nyuma, nikaisogelea. Ukisimama mbali sana, inafanana naye kidogo. Nililia na hasira. Mama huyu amenibeba mugongoni toka Bungulu mpaka Oicha wakati baba alikufa, na mimi nashindwa kumuandalia uso!

7 novembre

Mvua. Njia imefungwa.

18 novembre

AMEAMUKA! Phonie imesema: Mukaka ameamuka, anakula, anafokea batu. Jumamosi atakamua ndizi mwenyewe, afanye kasiksi, pombe ya ndizi, banywe na majirani bashukuru Mungu vile amepona. Florentine alimukataza, akamufukuza Florentine.

Na njia imefunguliwa tangu jana.

Nilikuwa naosha sahani wakati nilielewa, na sahani ikavunjika. Ndizi! Mutu akikamua ndizi na majani, mikono yake yote miwili iko ndani mpaka ku kiwiko. Yote miwili! Atafunika mudomo na nini?

Nilikimbia kwa Abdias na sabuni bado mukononi. Alisikiliza, akaenda nyuma ya meza, akaniletea pellicule mupya. « Na jua, » alisema. « Omba jua. »

23 novembre, Beni

Nimefika na mvua. Ku bariere Léon hayuko, bamemuhamisha, hakuna anajua wapi. Foto yake na milima yote, ile nilimupiga nikirudi mwezi wa septembre, iko mu sakoshi yangu, safi kabisa, hata pembe nyeusi hazionekane. Nilimuachia rafiki yake.

Mukaka amekonda. Amenishika uso na mikono yote miwili. Amesema mimi njo nimekonda.

24 novembre, Beni

Niandike polepole, nisisahau kitu.

Asubuhi mawingu, mazito, chini kabisa. Mukaka aliikala kwenye kiwanja mbele ya mutumbwi wa kukamulia, kitambaa kichwani, mikono imeingia. Ndizi mbivu na majani, anakanda, anakanda, povu inapanda. Mimi nilikuwa mu migomba pale pa zamani, magoti ndani ya matope, zoom ku 200. Florentine alikuwa anatayarisha mudomo wake. Alianza na hadithi ya katekista mwenye mbuzi wake alikula karatasi ya mahubiri, na siku ile akahubiri dakika tano tu, na Wakristo bakataka kumununulia mbuzi wa pili.

Mabega ya Mukaka yalianza. Na jua, hapana. Nilikuwa naona kicheko kinakuya na sikuwa na mwangaza! Nikasema kwa sauti ya chini, Bikira Maria, weye ni mama, weye ni mukaka wa batu, fungula basi.

Ikafungula. Jua ilishuka ku kiwanja chote, povu ikawaka, mikono yake ikawaka. Nikaweka kidole. Na pale pale nikakumbuka supu.

Uso wake ulikuwa umejaa ku 200. Ningepiga, nimejificha, na ningepata tena mukaka wa mutu mwingine. Nikirudisha ku 135 anakuwa mudogo, ni lazima nisogee. Na mbele ya migomba hakuna kitu, ni kiwanja tu, cheupe, kimefagiliwa. Nilimutukana Abdias kwa jina lake lote. Kisha nikarudisha ku 135, nikatoka.

Nilitembea na kamera ku jicho. Florentine aliniona, akakata hadithi. Mukaka akainua kichwa. Nikaona shingo inaanza kukauka, macho yanaanza kuwa ya bariere, na mukono wa kuume unatoka ndani ya ndizi, unapanda, unaenda ku mudomo. Ulikuwa umejaa povu na majani mpaka ku kiwiko. Ukasimama katikati. Mukaka aliangalia mukono. Akaangalia ule mwingine. Akaniangalia mimi.

« Funika, Mukaka! » Florentine alipiga kelele. « Funika, utaramba! »

Na Mukaka Vagheni alicheka. Alicheka akiniangalia mu macho, mudomo wazi, mapengo yote inje ku jua, mikono hewani inatiririka. Tchak. Kuku zikakimbia. Tchak, tchak. Nikapiga mpaka pellicule ikaanza kujizungusha yenyewe kurudi, na hata hapo nilikuwa bado nasukuma kidole.

« Mariette! Unaniiba! »

« Nakuiba namna gani, Mukaka? Si umeniona! »

« Nilikuona tangu asubuhi. Na ile siku ya zamani pia. Nani anajifichaka mu migomba na sketi nyekundu? » Akarudisha mikono ndani ya ndizi. « Niliwaza: huyu mutoto ananiogopa, ao? Kwa nini asikuye karibu? »



26 novembre, Butembo

Labo haina mafuta.

1 décembre

Labo haina mafuta. Nimewaletea chai, mikate, na nimewaombea. Bado.

8 décembre

Mafuta. Foto. Iko.

IKO! Niliikimbiza kwa Abdias bila kuiweka mu enveloppe. Aliipeleka ku dirisha, akavaa miwani, akaigeuzageuza mpaka nikataka kumupiga. Pembe ya kushoto imelegea kidogo, niliiona mwenyewe, na povu haisomeke vizuri. Mais uso! Kila kope, kila kunyanzi, na macho yake yanakuangalia weye na si mwingine, yanakuuliza kwa nini haukukuya karibu.

« Na ile 50 yako, » alisema Abdias, « usingeipata hii. Ungekuwa juu ya magoti yake. »

« Na bila weye ningebaki mu migomba. Aksanti, Abdias. » Niliisema haraka, mais niliisema.

Alipangusa miwani muda murefu kupita ile inahitaji. Akasema ataikuza na atafanya cadre ya kuifunga mwenyewe, ya mbao ya libuyu.

25 décembre, Beni

Tulifika jana, mimi, Kamate, na Abdias mwenye alisema anakuya tu kuangalia cadre isivunjike mu njia. Cadre ilikuwa imefungwa mu mablangeti matatu.

Asubuhi hii, kabla ya misa, nilimupa Mukaka. Aliiweka juu ya magoti. Akapitisha kidole mahali pa meno.

« Huyu njo mimi, » alisema. « Huyu akipita, batanijua. »

Kisha akasimama, akaishika kifuani na mikono yote miwili, uso wa foto mbele, kabisa vile inashikwaka, na akatoka barabarani.

Yesu Kristo! Majirani balitoka mu nyumba zabo, bakaona cadre, bakaweka mikono ku kichwa. Mama mumoja alianza kilio. Kisha akaona nani anabeba, na kilio kikageuka nusu njia. Kicheko kikashuka barabara yote ya Bungulu, toka ku nyumba mpaka ku nyumba. Florentine alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Na Mukaka alikuwa anacheka kupita bote, mapengo ya foto chini na mapengo yake juu, na mikono yake imejaa.

Nilimukimbilia. « Mukaka, weye! Hiyo inabebwaka na mujukuu! Siku ya… siku ile! »

« Siku ile nitaiangalia na macho gani? » Hakusimama. « Leo nabeba mwenyewe. Nyinyi mufuate nyuma. »

Tukafuata.